Mvumu wa Kigabiro na Mwembe wa Ziwani: Miti Mikongwe kama Hati za Historia ya Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza miti mikongwe yenye matawi mapana nchini Burundi kama ushahidi wa kihistoria. Yanaangalia aina mbili: mvumu unaosimama kwenye makao ya zamani ya wafalme milimani, na mwembe wa ukanda wa Ziwa Tanganyika ulioletwa na misafara ya Waswahili. Hoja yake ni kwamba miti hii haifai kutumiwa kupima miaka, bali inafaa sana kuonesha mahali na uhusiano wa watu na mahali hapo. Na kwamba ushahidi huo unapotea kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja, yaani kuanguka kwa miti na kutawanyika kwa watu wanaojua majina yake.

Kigingi kilichoota

Barabara ya taifa namba 1 huondoka Bujumbura, kwenye kimo cha mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kilomita 40 kutimia huwa imekwishapanda hadi Bugarama, juu ya mgongo wa milima unaotenganisha maji yanayoteremkia Kongo na yale yanayokwenda Nili. Hapo mita zimepita 2,000 na hewa ni baridi. Njia moja hushika kaskazini kuelekea Kayanza na mpaka wa Rwanda. Nyingine huelekea mashariki, Muramvya na Gitega. Msafiri anayetazama vilele vya vilima, juu ya migomba, mikaratusi na mashamba ya chai, huona hapa na pale mti mmoja au kundi dogo la miti lisilofanana na chochote kinachoizunguka: shina nene lenye mikunjo kama kamba zilizosokotwa, na matawi yaliyotandaa kwa upana unaokaribia urefu wa mti wenyewe, pengine kuupita. Warundi huuita umuvumu. Katika makala haya utaitwa mvumu. Ni mmoja wa ukoo wa mkuyu na mtini, jenasi ya Ficus, hasa Ficus thonningii.

Mti wa namba hiyo ukisimama mahali palipokuwa na makao ya mfalme, mahali pale huitwa ikigabiro. Neno hili lastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili anayo nusu ya maana yake tayari. Kitenzi chake ni kugaba, chenye asili moja na kugawa kwa Kiswahili. Kwa Kirundi, kugaba ni kutoa, kukabidhi, kugawia watu ng'ombe au ardhi, na kwa hiyo pia ni kutawala, kwani mwenye kugawa ndiye mwenye mamlaka. Kutokana na mzizi huohuo lilipatikana neno ubugabire, yaani makubaliano ambayo kwayo mtu aliyepewa ng'ombe alifungamana na aliyempa kwa utumishi na heshima. Kiambishi cha mwisho cha ikigabiro kinaonesha mahali. Kigabiro basi ni mahali pa kugawia. Neno hilo limeenea hata nje ya Burundi: nchini Rwanda, mojawapo ya kata za wilaya ya Rwamagana huitwa Kigabiro mpaka leo.

Jinsi mti ulivyofika hapo ni jambo la ufundi wa ujenzi kabla ya kuwa jambo la ibada. Makao ya mwami yalikuwa nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, zikizungukwa na nyua ndani ya nyua, na kila ua ulijengwa kwa vigingi vilivyosimikwa ardhini na kufumwa kwa matete na fito. Mvumu una tabia inayojulikana na kila mkulima wa eneo la Maziwa Makuu: tawi lake likikatwa na kuchomekwa kwenye udongo wenye unyevu, hutoa mizizi. Kigingi huota. Ua unaooza na kubomoka baada ya misimu michache huacha nyuma yake mstari wa miti michanga. Makao yakihamwa, kwa kifo cha mfalme au kwa sababu za utawala, nyumba za nyasi hurudi udongoni, lakini vigingi vilivyoota huendelea kunenepa. Miongo kadhaa baadaye hakuna ukuta, hakuna msingi wa jiwe, hakuna tofali. Kuna mivumu tu, na mwenye macho anaweza kufuata mpangilio wake na kutambua mlango mkuu ulikuwa upande gani.

Upana wa matawi nao una sababu yake. Mti unaokua ndani ya msitu hurefuka kutafuta mwanga. Unaokua peke yake kilimani, bila mshindani, hupanuka. Kwa hiyo upana wa mvumu wa kigabiro ni ushahidi kwamba kwa muda mrefu hakuna kilichoachwa kiote karibu yake, yaani palikuwa na watu waliopasafisha na kupalinda. Kando ya mvumu mara nyingi hupatikana umurinzi, mti wa maua mekundu na gome lenye miiba ambao wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica. Hapa tena Kiswahili kinafasiri bila msaada: umurinzi ni mlinzi. Ni mti wa ibada ya Kiranga, na chini yake ndiko zilikofanyika sherehe za kubandwa. Mahali penye miti hiyo hapakukatwa kuni, wala hapakulimwa.

Mti usiohesabika miaka

Swali la kwanza ambalo mgeni huuliza mbele ya mti mkubwa ni umri wake, na ndilo swali ambalo mvumu hulijibu vibaya zaidi. Katika nchi zenye majira makali ya baridi, shina huweka pete moja kila mwaka. Karibu na ikweta, penye misimu miwili ya mvua kwa mwaka na joto lisilobadilika sana, pete huwa hafifu, huungana, au hukosekana. Tena mvumu mkongwe huwa na uwazi katikati: moyo wa shina huoza huku sehemu za nje zikiendelea kuishi. Tatizo hili si la Afrika pekee. Mti maarufu wa yew katika uwanja wa kanisa la Fortingall, Uskoti, umekadiriwa umri kwa tofauti ya maelfu ya miaka baina ya mkadiriaji mmoja na mwingine, kwa sababu moyo wake ulitoweka zamani na hakuna kilichobaki cha kuhesabiwa.

Kwa mwanahistoria wa Burundi jambo hili lina uzito, kwa kuwa kronolojia ya ufalme yenyewe ina utata. Wafalme walipokezana majina manne kwa mzunguko: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Wataalamu wameshindana kwa muda mrefu kuhusu mara ngapi mzunguko huo ulikamilika kabla ya karne ya 19, na kwa hiyo kuhusu idadi ya wafalme na mwanzo wa nasaba yao. Ipo tamaa ya kuigeukia miti itoe hukumu. Tamaa hiyo haina budi kupingwa. Mvumu uliokatwa huchipua upya kutoka kisikini. Tawi lililoanguka huota na kuwa shina jipya. Mti unaooneshwa kuwa ni wa Mwezi huenda ukawa mtoto wa mti wa Mwezi, au mjukuu. Anayeutumia kama kalenda atakosea.

Kinachoweza kupatikana kutokana nao ni mahali. Ufalme wa Burundi haukuwa na mji mkuu mmoja. Mwami alikuwa na makao mengi, Muramvya, Bukeye, Mbuye, Kiganda na kwingineko, na alihama kutoka moja hadi jingine akiacha kila moja chini ya wake, watumishi na waangalizi. Wazungu wa kwanza waliotafuta mji mkuu wa Urundi walisumbuka kwa sababu walitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Utawala ulikuwa mtandao, na vigabiro ndivyo vifundo vyake. Kuvitia kwenye ramani kimoja baada ya kingine ni kuuchora mtandao huo upya, kwa usahihi ambao shajara za maofisa wa kigeni haziwezi kuufikia, maana wao waliandika walikopita tu.

Upo pia mtandao wa wafu, na huo ulitunzwa kwa miiko mikali zaidi. Makaburi ya wafalme, inganzo, yako kaskazini-magharibi, kwenye kingo za msitu wa Kibira. Ya mama wafalme yako Mpotsa. Chrétien na Mworoha (1970) waliyaeleza makaburi haya wakitegemea ushuhuda wa koo zilizoyalinda. Kila kaburi lilitambulika kwa miti yake, si kwa mnara. Vichaka hivyo viliitwa kwa neno linalotosha kuwa sheria nzima: intatemwa, yaani kisichokatwa. Mwambutsa wa mwisho, aliyetawala tangu 1915 hadi 1966, hayumo humo. Alifia Uswisi mwaka 1977 na kuzikwa Meyrin, karibu na Geneva, na jitihada za kumrudisha nyumbani zilikwama mahakamani.

Kiganda na baada ya Kiganda

Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi Gisabo alilazimika kukubali masharti ya Kapteni von Beringe wa jeshi la Ujerumani. Alikuwa ametawala kwa takribani nusu karne na aliwahi kuwazuia watu wa Rumaliza wa Ujiji wasipande milimani. Mkataba ulimtaka aikubali mamlaka ya Wajerumani na kuwatambua wapinzani wake, Kilima na Maconco, kuwa watawala wa sehemu zao. Wakubwa wa Beringe hawakupendezwa na alivyoivunja nguvu ya mfalme waliyetaka kutawala kupitia kwake, na baadaye sera ikageuzwa. Lakini kwa mtazamo wa makala haya, jambo la kutazama ni mahali. Mkataba ulifungwa kwenye makao ya kifalme, mahali pa kugawia. Safari hii aliyegawa alikuwa mgeni, na kilichogawiwa ni nchi.

Tangu hapo mtandao wa vigabiro ulianza kukosa kazi. Mwaka 1912 Wajerumani walianzisha Gitega kuwa kituo cha utawala wa ndani, na wazo la mji mkuu mmoja likaingia. Wamisionari walikuwa wamekwishafika Mugera mwaka 1899, na kwao umurinzi ulikuwa mti wa upagani. Wabelgiji, walioingia Usumbura mwaka 1916, waliendelea kuwatambua wafalme huku wakipunguza yaliyowafanya kuwa wafalme. Muganuro, sherehe ya mtama iliyokuwa kilele cha mwaka wa kifalme na iliyoikusanya nchi kuizunguka ngoma Karyenda, ilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929. Kahawa ya lazima ilihitaji ardhi. Mikaratusi, inayokua haraka, ilipandwa vilimani, na kizazi kilichofuata kikazoea kuuona mti kama nguzo na kuni.

Haifai, hata hivyo, kuulaumu ukoloni peke yake, na wasomi wengi huishia hapo kwa wepesi mno. Ufalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, na ndipo koo za walinzi zilipopoteza sababu ya kisheria ya kukaa zilipokaa. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Mauaji ya 1972, kisha vita vilivyoanza 1993, viliua na kuhamisha watu kwa kiwango ambacho kumbukumbu za mahali hazingeweza kukistahimili. Mti unaweza kubaki umesimama huku mtu wa mwisho anayejua ulikuwa mti wa nani akiwa amezikwa au yuko ng'ambo ya mpaka. Kigabiro kisicho na msimulizi ni mti mkubwa tu, na mti mkubwa katika nchi yenye msongamano wa watu kama Burundi, ambako karibu kila jiko hutumia kuni au makaa, hauna maisha marefu.

Ngoma ndizo zilizopata bahati. Patakatifu pa Gishora, karibu na Gitega, ambapo simulizi hupahusisha na ushindi wa Mwezi Gisabo dhidi ya chifu muasi Ntibirangwa, pamedumu kwa sababu ukoo wa wapigangoma ulibaki na kazi yake ikaendelea. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi usioshikika. Wachache wanaoshangilia ngoma hizo mjini Bujumbura hukumbuka kwamba kila moja ni mti pia: huchongwa kutoka umuvugangoma, Cordia africana, jina lenye maana ya mti uivumishao ngoma. Huko Gishora ngoma mbili kuu huitwa Ruciteme na Murimirwa, ile ambayo watu hufyeka kwa ajili yake na ile ambayo watu hulima kwa ajili yake. Ufalme uliokataza kukata vichaka fulani ulijua pia kuamuru vingine vifyekwe.

Mwembe ulioshuka na misafara

Bujumbura yenyewe haimo katika mtandao huo wa milimani. Ufuo wa kaskazini wa ziwa, uliojulikana kwa wasafiri wa karne ya 19 kama Uzige, ulikuwa na joto na mbu, na wafalme hawakuupenda. Mti mpana wa huku chini ni mwingine, na ulikuja kwa njia nyingine.

Mwembe si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Bara Hindi, ukakita mizizi pwani ya Uswahilini, na katika karne ya 19 ulifuata misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Kokwa hubebwa kirahisi, kivuli huhitajika kituoni, na mwembe, kama mvumu, ukiachiwa nafasi hutanda. Njia hiyo ya kati inatambulika hadi leo kwa miembe yake, na Tanzania imeipendekeza kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Kutoka Ujiji mti ulipanda mashua na kuvuka hadi Rumonge na Uzige. Ushahidi wa safari hiyo umo kinywani mwa kila Mrundi: kwa Kirundi mti huu huitwa umwembe. Haukupewa jina jipya. Ulipokewa pamoja na jina lake la Kiswahili, ambalo nalo huhusishwa na lugha za Bara Hindi. Ni vigumu kupata hati fupi zaidi ya historia ya biashara ya eneo hili kuliko neno hilo moja.

Ni hati ya uchungu pia. Kivuli cha miembe ya Ujiji kilikuwa kivuli cha soko la watu. Anayeandika historia ya Waswahili wa Bujumbura, wakiwamo wa Buyenzi ambao kwa vizazi vingi wameufanya mtaa wao kuwa chuo kisicho rasmi cha Kiswahili nchini, anao wajibu wa kueleza yote mawili: kwamba mti huu ni alama ya ujirani, lugha na dini iliyokita mizizi, na kwamba njia iliyouleta ilipitisha minyororo. Wengi wa Waswahili hao walikuwa uzao wa wapagazi, askari, mafundi na waliokombolewa, wala si wa wenye misafara.

Kilomita zipatazo 10 kusini mwa jiji, huko Mugere, kuna jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi wa Bujumbura hupelekwa hapo na kuambiwa kuwa ndipo watu hao wawili walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, kwa hesabu ya Stanley tarehe 10 Novemba 1871, na ndipo wakaja kaskazini kwa mtumbwi kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walikuta unaingia, na tumaini kwamba Ziwa Tanganyika ndilo chanzo cha Nili kwa upande huo likaisha. Waliowapokea, kuwalisha na kuwaeleza habari za mito, watawala Mukamba na Ruhinga, hawamo kwenye jiwe.

Huko Ujiji alama ya mkutano ilikuwa mwembe. Mti wa awali ulikufa, na mnara ukajengwa mahali pake. Miembe iliyopo sasa kando ya mnara huelezwa kuwa ni uzao wake. Mti wa tatu wa habari hii uko mbali zaidi, Chitambo, katika Zambia ya leo. Livingstone alipofariki mwaka 1873, moyo wake ulizikwa chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa India, akachonga maandishi kwenye shina. Mwaka 1899 mti ulikatwa na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Hapa mti ulifanywa hati kwa maana halisi kabisa, na ili usomwe ilibidi uuawe.

Njia hizi tatu, jiwe lililokosewa tafsiri, mti uliopandwa upya na shina lililohamishwa, ndizo ambazo taasisi za urithi zimezijua. Mvumu wa kigabiro unahitaji ya pili, lakini kwa namna iliyo makini kuliko ya Ujiji.

Sheria iliyopo na kipandikizi kisichopandwa

Burundi haikosi sheria. Sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa ni ya tarehe 25 Mei 1983. Mwaka 2007, mwaka uleule nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, serikali iliziweka mandhari takatifu za Muramvya, Mpotsa na Nkiko-Mugamba kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Msitu wa Kibira ni hifadhi ya taifa. Ila vigabiro vingi haviko ndani ya hifadhi yoyote. Viko kwenye mashamba ya watu, viwanja vya shule, kando ya barabara zinazopanuliwa. Uamuzi wa kuhamishia mji mkuu wa kisiasa Gitega, uliopitishwa kuwa sheria mwaka 2019, umeleta ujenzi mwingi zaidi hasa katika nchi ya vigabiro, na mpimaji wa viwanja asiye na orodha mkononi hawezi kulaumiwa kwa kuukata mti ambao hakuna aliyemwambia ni nini.

Kenya inatoa mfano unaofaa kuigwa kwa sehemu. Misitu ya kaya za Wamijikenda ilikuwa ikimegwa kwa mashamba na hoteli za pwani hadi mwaka 1992, Makumbusho ya Taifa yalipoanzisha kitengo maalumu cha kuihifadhi. Ilianza kusajiliwa mmojammoja kuwa mnara wa taifa, na mwaka 2008 iliingia katika Urithi wa Dunia. Siri ya mafanikio yake, kwa kadiri yalivyopatikana, ni kwamba wazee wa kaya walibaki na mamlaka juu ya nani aingie na nini kifanyike. Mfano huo hauwezi kunakiliwa mzima. Kaya ina wazee wake waliokaa karibu nayo. Kigabiro mara nyingi kimebaki bila mwenyewe. Nchini Uganda mti wa Nakayima, kilimani Mubende, hupokea waja wake kila siku kwenye vyumba vilivyoumbika kati ya mizizi yake, na ibada hiyo ndiyo ulinzi wake. Burundi haiwezi kuamuru ibada irudi.

Inachoweza ni kuwatafuta wasimulizi, na hapa lugha inahusika moja kwa moja. Wengi wa waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi Tanzania, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na maelfu kwa maelfu wakapata uraia wa huko. Wazee wa makazi hayo walitoka mikoa mbalimbali ya Burundi wakiwa watu wazima au vijana. Watoto na wajukuu wao husimulia kwa Kiswahili. Uchunguzi wa vigabiro unaofanywa kwa Kirundi na Kifaransa peke yake, ndani ya mipaka ya Burundi peke yake, umeacha nje sehemu nzima ya mashahidi. Asasi za Kiswahili za kikanda zina uwezo ambao idara ya utamaduni ya nchi moja haina: kutuma wachunguzi pande zote mbili za mpaka kwa lugha moja, na kulinganisha majina ya vilima yanayokumbukwa Mishamo na mivumu inayosimama Muramvya. Muda wa kazi hiyo ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 amekwishapita 70.

Kuhusu mti wenyewe, tabia iliyouzalisha ndiyo itakayouokoa. Kokwa ya mwembe wa Ujiji, kama ilipandwa, ilitoa mti mwingine, mtoto wa ule wa kwanza. Kipandikizi cha mvumu hakitoi mtoto. Ni mti uleule, mwili uleule ukiendelea mahali pengine. Katika bustani ya mimea ya Kolkata, India, upo mti wa jenasi hiyohiyo unaohesabiwa miongoni mwa miti yenye matawi mapana kuliko yote duniani, na shina lake kuu liliugua ukungu likaondolewa mwaka 1925. Mti unaendelea kupanuka juu ya mizizi iliyoshuka kutoka matawini. Hakuna anayesema umekufa. Kwa msingi huo, swali la uhalisi linaloitatiza miembe ya Ujiji halina nguvu kwa mvumu, mradi tawi likatwe kutoka mti unaojulikana, lipandwe hatua chache kutoka kwake, na tendo hilo liandikwe: jina la kilima, jina la makao, jina la msimulizi, tarehe.

Gharama yake ni panga, jembe na daftari. Lazima ifanyike mti ukiwa hai, mwanzoni mwa mvua za Septemba na Oktoba, kwa kigingi chenye unene wa mkono na urefu wa mtu mzima, kama walivyofanya wajenzi wa nyua za mwami.